Mtaalamu Akihama, Programu Inabaki na Nani?

Programu za kompyuta, yaani maelekezo yanayoandikwa kwa lugha maalumu ili mashine ihesabu, ihifadhi na isafirishe taarifa kama mtumiaji anavyotaka, ni bidhaa isiyohitaji bandari, ghala wala machimbo, na kwa sababu hiyo wengi walitazamia kwamba tasnia yake ingestawi popote penye umeme, mtandao na watu walioelimika. Mambo hayakwenda hivyo. Tasnia hiyo imejikusanya katika miji michache ya dunia, na wenye ujuzi wameifuata huko, hata historia ya programu imekuwa kwa kiasi kikubwa historia ya watu waliofunga mizigo. Anayetaka kuielewa hana budi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: watu hao walitoka wapi, na baada ya kuondoka, kazi ya kule walikotoka ilibaki mikononi mwa nani.

Maswali hayo yanaihusu Nyakahanga, katika Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, moja kwa moja, kama yanavyoihusu Karagwe yote na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kijana wa huku anayemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya hana sababu nyingi za kurudi katika miji ya Karagwe kama Kayanga au Omurushaka, kwa kuwa ajira inayolingana na masomo yake iko kwingine, na kila hatua anayopiga kuelekea kwenye malipo bora inamsogeza mbali zaidi na Mto Kagera. Hata hivyo mkoa huu una sifa ambayo wakazi wake wengi hawaijui. Hapa ndipo ulipofanyika mmoja wa tafiti ndefu na makini zaidi barani Afrika juu ya watu wanaohama, na kutokana na kazi hiyo hiyo ikakua programu ya kompyuta iliyotumika katika nchi nyingi, ikitengenezwa na kampuni yenye makao Bukoba. Ni nadra kuzikuta mada mbili hizi, uhamaji na programu, zikikutana mahali pamoja kiasi hiki.

Utafiti wenyewe ni ule wa Afya na Maendeleo ya Kagera, ulioanza mwaka 1991 kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na Chuo cha Muhimbili, wakati mkoa ulipokuwa umeelemewa na vifo vya UKIMWI. Kaya zaidi ya 900 zilizotawanyika katika wilaya zote za mkoa wa wakati huo, Karagwe ikiwemo, zilihojiwa mara kadhaa hadi mwaka 1994. Mwaka 2004 watafiti walirudi, na badala ya kuwahoji wale tu waliowakuta kijijini, waliamua kumtafuta kila mtu aliyekuwa mwanakaya hapo mwanzo, popote alipo, iwe Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka nchini Uganda. Mwaka 2010 walirudia tena, na kufikia hapo kaya zile za mwanzo zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 3,300, kwa maana watoto walikuwa wameoa, wameolewa au wamekwenda kutafuta maisha. Uzito wa utafiti uko hapo. Tafiti nyingi hulinganisha mhamiaji na jirani asiyehama, bila kujua kama tangu mwanzo walikuwa watu wa hali moja, lakini huu wa Kagera uliweza kuwalinganisha watu waliolelewa chini ya paa moja, mmoja akiwa amehama na mwingine akiwa amebaki.

Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, waliochambua takwimu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2011, waligundua kwamba kati ya 1991 na 2004 ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi za asilimia 36. Matumizi hapa ni jumla ya chakula, mavazi, matibabu na mahitaji mengine ambayo mtu anapata, na wachumi huyatumia kupima hali ya maisha kwa sababu katika jamii ya wakulima kipato cha fedha peke yake hakisemi mengi. Uchambuzi mwingine wa takwimu hizo, uliofanywa na De Weerdt pamoja na Kalle Hirvonen, ulionyesha kwamba ndugu wa nyumbani wanapopatwa na msiba au mavuno mabaya, aliyehama huwasaidia, huku akijinyima sehemu ndogo ya ukuaji wa matumizi yake, ilhali yeye akipatwa na shida, msaada kutoka nyumbani hauji kwa kiwango hicho. Mhamiaji wa Kagera, kwa hiyo, hufaidika kwa kuondoka na hawasahau wake. Yeyote anayependekeza kwamba vijana wazuiwe kuhama anapaswa kwanza kuzijibu takwimu hizi.

Sehemu ya pili ya habari hii haisimuliwi mara nyingi. Kuwasaka maelfu ya watu na kuwahoji kwa madodoso ya karatasi ni kazi yenye makosa mengi, kwa sababu mhoji anaweza kuruka swali, akaandika umri wa mtoto unaozidi wa mama yake, au akasahau kuuliza bei baada ya kuandika kiasi, na kosa hilo likagunduliwa miezi kadhaa baadaye ofisini, wakati mhojiwa ameshakuwa mbali. Kampuni ya utafiti ya EDI, iliyoanzishwa Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambayo De Weerdt, mchumi kutoka Ubelgiji, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilitengeneza programu iitwayo surveybe, inayoliweka dodoso ndani ya kompyuta ndogo ya mkononi. Programu hiyo huchagua yenyewe swali linalofuata kutokana na jibu lililotangulia, hulinganisha majibu yanayotegemeana, na humwonya mhoji papo hapo pale yanapopingana, ili kosa lirekebishwe mhojiwa angali amekaa mbele yake. Awamu ya mwaka 2010 ya utafiti wa Kagera ilifanywa kwa njia hiyo. Kisiwani Pemba yalifanyika majaribio ambamo kaya zilipangwa kwa bahati nasibu, baadhi zihojiwe kwa karatasi na nyingine kwa kompyuta, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012 na Bet Caeyers, Neil Chalmers na De Weerdt, yalionyesha kuwa karatasi zilijaa makosa ambayo programu iliyazuia, na kwamba makosa hayo yaliweza kupotosha hata makadirio ya umaskini.

Kazi hiyo inapaswa kuheshimiwa kwa jinsi ilivyopatikana. Wataalamu wa kigeni walihamia Bukoba, mji ambao watunga sera wengi wangeuita wa pembezoni, wakafanya kazi na Watanzania walioajiriwa kama wahoji, wasimamizi, wachakataji wa takwimu na mafundi wa kompyuta, na tatizo halisi la vijijini Kagera, la maswali mengi, barabara mbovu na umeme usiotabirika, ndilo lililoiumba bidhaa. Programu nzuri huzaliwa karibu na shida inayoitatua. Lakini inafaa pia kueleza mkondo ulivyoelekea baadaye: kampuni ilikuwa na ofisi Uingereza vilevile, na mwaka 2018 ilinunuliwa na Mathematica, taasisi ya utafiti ya Marekani. Hakuna kosa katika biashara ya namna hiyo, na huenda bila ununuzi kampuni ingedhoofika. Hata hivyo ununuzi huo unadhihirisha kanuni inayojirudia katika tasnia hii, kwamba bidhaa inaweza kuzaliwa mahali pamoja na umiliki wake ukaishi mahali pengine, na kwamba ujuzi wa wenyeji walioshiriki kuijenga hauwi mtaji wa mahali hapo mpaka pawepo pia kampuni, mikataba na wateja wa mahali hapo.

Mfano ulio karibu zaidi na kila mkazi ni huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008, ambayo leo iko mikononi mwa mawakala wa kila senta ya Karagwe. Toleo la kwanza la programu yake liliandikwa Uingereza kwa ajili ya Vodafone, na kwa miaka mingi seva, yaani kompyuta kubwa zinazohifadhi na kuendesha mfumo, zilikuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Ni mwaka 2020 tu ambapo Safaricom ya Kenya na Vodacom ya Afrika Kusini zilinunua kwa pamoja haki za jina na uendelezaji wa huduma hiyo kutoka Vodafone. Fedha za mkulima wa kahawa wa Kyerwa anayemtumia mwanawe ada ya shule zilipita, kwa maana ya hesabu, katika mfumo ulioandikwa na kumilikiwa mbali na Afrika Mashariki.

Nchi iliyojulikana zaidi kwa kuwavuta wataalamu wa programu ni Marekani, na njia kuu imekuwa kibali cha kazi kiitwacho H-1B, kilichoanzishwa na sheria ya mwaka 1990. Kibali hicho humruhusu mwajiri kumleta mgeni mwenye ujuzi wa juu kwa miaka mitatu, inayoweza kuongezwa hadi sita, na idadi ya vibali vipya vya kampuni binafsi imewekewa ukomo wa 65,000 kwa mwaka pamoja na 20,000 kwa waliohitimu shahada za juu katika vyuo vya huko, ingawa kati ya 2001 na 2003 ukomo ulikuwa umepandishwa hadi 195,000. Sehemu kubwa ya vibali huchukuliwa na raia wa India. Septemba 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya, hatua iliyowakumbusha waajiri na wataalamu kwamba mlango uliofunguliwa kwa sheria unaweza kubanwa kwa amri.

Ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba India ilikuwa ikinyonywa. Wachumi, wakiongozwa na Jagdish Bhagwati, walipendekeza katika miaka ya 1970 kwamba wataalamu waliohama watozwe kodi kwa faida ya nchi zao za asili, wakiamini kwamba kila daktari au mhandisi anayeondoka ni hasara tupu, hali iliyopewa jina la upotevu wa wataalamu. Utafiti wa baadaye wa Gaurav Khanna na Nicolas Morales umetoa picha nyingine. Tumaini la kwenda Marekani liliwasukuma vijana wa India wengi kusoma sayansi ya kompyuta, wengi zaidi kuliko nafasi zilizokuwepo, na kwa kuwa wengi hawakupata kibali na wengine walirejea muda wao ulipokwisha, nchi ikajikuta na jeshi la wataalamu lililoifanya kuwa muuzaji mkubwa wa huduma za programu duniani. Upande wa Marekani, waajiri na watumiaji walifaidika, ilhali baadhi ya waandishi wa programu wenyeji walibanwa kimishahara. AnnaLee Saxenian wa Chuo Kikuu cha California, aliyewachunguza Wataiwani na Wahindi wa Silicon Valley, alieleza mwendo huo kama mzunguko wa wataalamu, kwa sababu watu hao walikwenda na kurudi wakibeba mitaji, wateja na mbinu.

Mzunguko huo, hata hivyo, haukutokea kwa kuombewa. Kampuni ya TCS ya India ilianzishwa mwaka 1968 na Infosys mwaka 1981, miaka mingi kabla ya wimbi kubwa la vibali, na Taiwan ilifungua eneo la viwanda vya sayansi la Hsinchu mwaka 1980, hivyo aliyerudi alikuta kiti, meza na mshahara. Mtaalamu anayerudi mahali pasipo na kazi ya ujuzi wake hulazimika kuacha ujuzi huo au kuondoka tena. Hapa ndipo hoja ya India inapotumiwa vibaya na wanaoitaja hapa Tanzania, kwani husimulia kurudi kwa watu bila kueleza kilichowapokea.

Katika Afrika Mashariki mfano ulio wazi zaidi ni Nairobi. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua huko kituo cha kutengeneza programu, na mwaka 2022 Google ikatangaza chake, na kampuni changa za jiji hilo zikalalamika kuwa haziwezi kushindana na mishahara ya kampuni hizo kubwa. Waandishi wa programu waliohamia upande huo hawakuvuka mpaka wowote. Walihama meza tu, lakini kwa kampuni iliyowapoteza athari ilikuwa ile ile ya mtu kupanda ndege. Aina hii ya uhamaji, ambamo mtu anabaki na kazi yake inaondoka, hutokea kwa urahisi zaidi katika tasnia ya programu, kwa kuwa muuguzi hawezi kumfunga jeraha mgonjwa wa Berlin akiwa Bukoba, ila mwandishi wa programu anaweza kuirekebisha programu ya benki ya Berlin akiwa chumbani kwake.

Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kuenea Nairobi, Kampala na Kigali, ilijengwa juu ya uwezekano huo: iliwachagua vijana wenye akili, ikawafundisha huku ikiwalipa, kisha ikawaunganisha na kampuni za Marekani zilizowatumia kwa mbali. Mwaka 2016 mfuko wa Mark Zuckerberg na Priscilla Chan uliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 ndani yake. Mwaka 2019 Andela ilitangaza kupunguza watumishi wapatao 400 wa ngazi ya chini, kwa maelezo kwamba wateja walitaka wazoefu na si wanaoanza. Tukio hilo linafichua udhaifu wa kutegemea soko la nje peke yake. Soko hilo hununua uzoefu, lakini uzoefu huo hupatikana tu pale ambapo mtu amevumiliwa akiwa bado mwanagenzi, na anayeweza kumvumilia ni taasisi ya kwao yenye mfumo wa kuutunza kila siku.

Kisheria, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Kenya, Rwanda na Uganda zimeondoleana ada za vibali vya kazi, ilhali Tanzania imeendelea na utaratibu wake wa vibali, unaosimamiwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa kikwazo, na kwa wakazi wa Murongo, wanaotazamana na Kikagati ya Uganda, malalamiko hayo yana msingi. Lakini sheria ina kifungu kimoja cha thamani kubwa ambacho hakijatumiwa ipasavyo: inamtaka mwajiri wa mgeni aandae mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni huyo kwa raia. Mpango wa namna hiyo ukifuatwa kwa dhati, kila mtaalamu wa kigeni anakuwa mwalimu. Ukibaki karatasi ya kuambatanisha na maombi, haumfai yeyote.

Ulaya nayo imefungua milango. Ujerumani inawapokea hata wataalamu wa kompyuta wasio na shahada, mradi wawe na uzoefu wa kutosha na mkataba wa ajira, na tarehe 13 Septemba 2024 ilitia saini na Kenya makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Habari zilizosambaa kwamba Wakenya 250,000 wangepokelewa zilikanushwa na Serikali ya Ujerumani yenyewe, kwa kuwa makubaliano hayakutaja idadi yoyote. Kijana wa Karagwe anayesoma tangazo la wakala wa ajira za ughaibuni afahamu hilo kabla ya kuuza shamba.

Athari za mambo haya yote zinaonekana vizuri zaidi hospitalini kuliko katika majengo ya kampuni. Hospitali ya Nyakahanga, inayomilikiwa na Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na iliyotumika kwa miaka mingi kama hospitali teule ya wilaya, ni moja ya hospitali za kanisa hilo zilizoenea nchini. Kanisa hilo lilipotaka mfumo wa kompyuta wa kusajili wagonjwa, kufuatilia vipimo, kutunza dawa na kuandaa hati za malipo, liliichagua programu ya Care2x na kuirekebisha kwa mazingira ya Tanzania, nayo ikatumika katika hospitali kadhaa, ikiwemo ya Haydom mkoani Manyara. Programu hiyo haikutoka katika kampuni kubwa. Ilianzishwa mwaka 2002 na muuguzi, Elpidio Latorilla, aliyekuwa hajaridhika na mfumo wa hospitali alimofanya kazi, naye akaitoa kama programu huria, maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani yale maandishi ya maelekezo yanayosomeka na binadamu, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bila kununua leseni.

Uhuria wa namna hii unageuza hesabu ya uhamaji. Mtaalamu aliyeandika programu iliyofungwa akihama, huondoka na ufunguo. Aliyeandika programu huria akihama, kazi yake hubaki wazi kwa mrithi yeyote mwenye uwezo wa kuisoma. Mfano mkubwa zaidi ni DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya nchi nzima, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway kwa ushirikiano na vyuo vya nchi nyingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ushirikiano huo ulifungamana na masomo tangu mwanzo. Honest Kimaro na Juma Lungo, kwa mfano, waliandika Oslo tasnifu zao za uzamivu, mwaka 2006 na 2008, juu ya mifumo ya taarifa, ikiwemo ya afya, na mada walizozishughulikia zilikuwa za Tanzania yenyewe: nani atauendeleza mfumo wilayani, na kwa nini muundo mzuri wa mezani hushindwa unapokutana na hali halisi ya zahanati. Walisafiri kwenda mbali ili walichambue tatizo la nyumbani, na matunda yake yamerudi katika daftari za vituo vya afya vya vijijini.

Pamoja na hayo, uhuria peke yake hautoshi. Hospitali ya wilaya kwa kawaida huwa na afisa TEHAMA mmoja au wawili, na mtu huyo ndiye anayejua kwa nini mashine ya mapokezi inaganda, nakala ya akiba ya kumbukumbu iko wapi, ni jedwali gani lilirekebishwa bei za dawa zilipopanda, na namna ya kuyapeleka madai ya bima ya afya kwa wakati. Mengi ya hayo yamo kichwani mwake. Akipata kazi Mwanza au Dodoma, kama ilivyo haki yake, hospitali hubaki na mfumo unaofanya kazi mpaka siku ya kosa la kwanza, kisha wahudumu hurudi kwenye madaftari, fedha za bima huchelewa, na mgonjwa anayepanga foleni hajui kwamba foleni yake imerefushwa na barua ya kuacha kazi iliyoandikwa miezi mitatu iliyopita. Huo ndio upotevu unaouma zaidi, na haupimwi katika takwimu zozote za uhamaji. Tiba yake ni ya gharama ndogo: kila marekebisho yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, manenosiri ya mfumo yatunzwe na taasisi badala ya mtu, na daima awepo mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayeshika kazi kando ya mwenye kazi.

Uwanja wa pili wenye nafasi kubwa ni kahawa. Katika misimu ya karibuni kahawa ya Karagwe na Kyerwa, inayokusanywa na vyama vya msingi chini ya Chama Kikuu cha Ushirika KDCU, imekuwa ikiuzwa katika minada ya kielektroniki inayoendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo wanunuzi huweka bei zao katika mfumo na mkulima huweza kujua bei ya siku. Ni hatua njema katika eneo ambalo limeumizwa kwa vizazi na butura, ule ununuzi wa kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa. Lakini nyuma ya kila mnada kuna kazi nyingi za taarifa, kuanzia mizani ya chama cha msingi, orodha ya wanachama, makato na malipo ya pili, hadi ramani za mashamba ambazo wanunuzi wa Ulaya wameanza kuzidai kwa sababu ya sheria yao ya kuzuia bidhaa zilizotokana na ukataji misitu. Kazi hizo zinaweza kufanywa na kampuni ya Dar es Salaam isiyojua tofauti ya maganda na kahawa safi, au na vijana watano wa Kayanga walioiona kahawa tangu utotoni. Umeme, ambao kwa miaka mingi Kagera imeununua Uganda, umeanza kuimarika, na mtambo wa Kikagati na Murongo wa megawati 14 katika Mto Kagera ni ishara ya hilo. Kisingizio cha giza kinazidi kupungua nguvu.

Waliokwisha kuondoka nao wana nafasi yao. Benjamin Fernandes, Mtanzania aliyesoma Chuo Kikuu cha Stanford, alianzisha NALA mwaka 2017, kwanza kama programu ya kurahisisha malipo ya simu nyumbani, kisha ikageuka kuwa njia ya waishio Uingereza, Marekani na Ulaya kutuma fedha Afrika. Ni kampuni iliyozaliwa na uhamaji na inayoishi kwa uhamaji. Wahamiaji wa namna hiyo wangefanya mengi zaidi kama sheria ingewarahisishia, na hapa Tanzania imechelewa. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya mwaka 2010, wakati sheria ya Tanzania ya mwaka 1995 bado inamfanya mtu mzima anayechukua uraia wa nje kwa hiari kuupoteza wa kwao, ingawa marekebisho yaliyopitishwa karibuni na Bunge yamefungua njia ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote, lakini mtu anayeombwa awekeze kwao anastahili kupokelewa kama mwenyeji.

Kagera haina uwezo wa kushindana na Nairobi kwa mishahara, wala na Berlin, na haina haja ya kujaribu. Ilicho nacho ni kazi: wagonjwa wa kusajiliwa, kahawa ya kupimwa, mashamba ya kuchorwa, wanafunzi wa kufuatiliwa. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, Dayosisi, KDCU na vyama vya akiba na mikopo ndio wateja wa kazi hizo, na mteja ana nguvu ya kuweka masharti. Kila mkataba wa mfumo wa kompyuta wanaousaini uanze sasa kudai mambo matatu: msimbo na maelezo yake vikabidhiwe kwa taasisi, taarifa za wananchi ziwe mali ya taasisi, na vijana wa wilaya wafundishwe wakati mfumo unajengwa, kabla mkandarasi hajalipwa fungu la mwisho. Kijana mwenye uzoefu huo akiamua baadaye kwenda Oslo au Toronto, aende kwa heri. Atakuwa amemwacha mtu anayejua pa kuanzia.